KONDOO WACHACHE WA KIKUNDI: JINSI YA KUANZA BILA KULA HASARA



Swali moja huulizwa mara nyingi katika mikutano ya vikundi, hapa Garsen na katika vijiji vya kando ya mto: "Tumechanga pesa kidogo. Sasa tununue nini?" Wengine husema kuku, wengine mbuzi, na wengine wanataka ng'ombe mara moja. Leo tutazungumza juu ya kondoo. Makala hii ni ya kikundi ambacho hakijawahi kufuga, lakini hata wenye mifugo tangu zamani huenda wakapata jambo la kuwafaa.

KWA NINI KONDOO?

Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa kufuatana, na sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki ya Kenya ilikauka. Ng'ombe walikufa kwa wingi. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa, na ndama jike huchukua miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa. Kwa hiyo aliyepoteza ng'ombe husubiri sana kabla ya kusimama tena.

Kondoo hubeba mimba siku 150 tu, yaani miezi mitano. Bei ya ng'ombe mmoja hununua kondoo kadhaa. Mmoja akifa, hamkupoteza mali yote. Kondoo hula majani mafupi ambayo ng'ombe hawezi kuyakamata, na samadi yake inafaa sana kwa mahindi na miembe.

Lakini tusidanganyane. Kondoo si mnyama wa kuachwa ajitunze. Akiugua hunyamaza, na ukija kujua ni mgonjwa, mara nyingi amekwisha. Kikundi kinachonunua kondoo kumi mwezi wa Machi bila kujiuliza mto utafanya nini mwezi wa Aprili, kinaweza kufika Juni kimebaki na zizi tupu. Na zizi likibaki tupu, kikundi nacho huvunjika, maana kila mtu atamlaumu mwenzake.

KABLA YA KUNUNUA: KAENI CHINI MKUBALIANE

Jibuni maswali haya kwanza, na mweke majibu katika daftari la kikundi:

1. Nani atachunga kila siku? "Sisi sote" si jibu. Kazi ya wote haina mwenyewe.
2. Watalisha wapi wakati wa mvua, na wapi wakati wa kiangazi?
3. Watakunywa maji wapi, na watapita njia gani kwenda huko?
4. Mto ukijaa, watahamia wapi?
5. Wana-kondoo watakuwa wa nani?

Swali la pili na la tatu si mchezo kwetu. Kuanzia Agosti 2012 hadi Januari 2013, ugomvi uliohusu ardhi, malisho na maji ulisaidia kuleta mapigano katika delta ya Tana, na zaidi ya watu mia moja walipoteza maisha. Kila mmoja wetu anakumbuka. Kwa hiyo, hata kama kondoo wenu ni saba tu, msiwapitishe katika shamba la mtu kwa kutumaini kwamba hataona. Ongeeni na wazee wa pande zote mbili, wenye mashamba na wenye mifugo, pamoja na chifu. Ulizeni njia za kufikia mto, zile malka, ziko wapi, na ni nani anayezitumia kwa msimu gani. Kubalianeni pia: kondoo wakila mahindi ya mtu, kikundi kitalipa vipi? Mkikubaliana kabla mahindi hayajaliwa, siku yakiliwa mtazungumza tu. Mkingoja mpaka yaliwe, hapo ndipo taabu huanza.

AINA GANI?

Kuna aina tatu mtakazosikia zikitajwa.

Kondoo wa Kisomali mwenye kichwa cheusi ni yule tunayemwona kila siku hapa. Mwili ni mweupe, kichwa na shingo ni vyeusi, na huweka mafuta nyuma kwenye mkia. Mafuta hayo ndiyo ghala yake wakati wa kiangazi. Anavumilia joto, ukame na safari ndefu.

Kondoo mwekundu wa Kimasai ni wa rangi ya hudhurungi. Sifa yake kubwa ni kuvumilia minyoo ya tumbo. Miaka ya 1990 watafiti wa mifugo walimfuga pamoja na Dorper huko Diani, Kwale, penye unyevu na minyoo mingi. Mwekundu alishinda: minyoo ilimsumbua kidogo, na wana-kondoo wake waliokufa walikuwa wachache.

Dorper asili yake ni Afrika Kusini. Ni mzito, hukua haraka, na wachinjaji wanampenda. Lakini anataka malisho mazuri na dawa. Katika nyika za delta zenye majimaji, minyoo humshusha upesi.

Shauri letu kwa anayeanza ni hili: nunueni majike wa hapa hapa, waliozoea joto letu na maji yetu. Mkitaka miili mikubwa, tafuteni baadaye dume chotara, mkiwa tayari mmejifunza kazi. Msianze na mnyama wa bei kubwa ili mjifunzie juu yake.

JINSI YA KUCHAGUA SOKONI

Majike sita na dume mmoja wanatosha kuanza. Dume mmoja mzima anaweza kuhudumia majike 25 hadi 30, kwa hiyo hata kikundi jirani kinaweza kuazima dume wenu.

Mfungue mdomo. Kondoo ana meno nane ya mbele, yote katika taya la chini. Akiwa mdogo yote ni madogo, ya utotoni. Meno mawili makubwa ya katikati huota akiwa na umri wa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Akifika kama miaka miwili ana manne makubwa. Manane yakitimia ana karibu miaka minne. Nunueni wenye mawili au manne. Mwenye meno yaliyolegea au kung'oka ni mzee, hata muuzaji akiapa.

Kisha tazama haya:
- Macho maang'avu, na ndani ya kope kuwe kwekundu.
- Pua kavu bila kamasi nzito, na asiwe anakohoa.
- Nyuma pawe safi, bila alama za kuharisha.
- Atembee vizuri kwa miguu yote minne.
- Kiwele kiwe laini. Kikiwa na uvimbe mgumu, hatanyonyesha vizuri.
- Dume awe na korodani mbili zilizo sawa.

Usinunue kondoo kwa kuwa ni rahisi. Uliza kwa nini ni rahisi. Mkifika nyumbani, watengeni na mifugo mingine kwa wiki mbili au tatu, ili ugonjwa waliotoka nao sokoni uonekane kabla haujaenea.

ZIZI

Halihitaji saruji wala mabati. Linahitaji mambo matatu: pawe juu, pawe pakavu, na fisi asiingie. Chagueni mahali palipoinuka, maji ya mvua yasituame. Kondoo wakubwa kumi na wana wao watatoshana katika zizi la hatua tano kwa tano. Fito na miiba ya nyikani inatosha kwa ukuta, mradi miiba iwe minene na mlango ufungwe sawasawa. Ezekeni upande mmoja kwa makuti au nyasi wapate kivuli na kujikinga na mvua. Tengeni kona ndogo ya majike waliozaa.

Fagieni samadi mara kwa mara na mwipeleke shambani. Zizi lenye matope huozesha kwato. Kondoo akianza kuchechemea, safisha kwato zake, kata sehemu iliyooza, na umsimamishe kwa dakika chache katika maji yenye mrututu. Lakini angalia sana asiyanywe: mrututu una madini ya shaba, na shaba huua kondoo upesi kuliko mnyama mwingine wa nyumbani. Kwa sababu hiyo hiyo, usiwape kondoo chumvi ya madini iliyotengenezwa kwa ng'ombe. Nunua ya kondoo, au uwape chumvi ya kawaida.

MALISHO NA MAJI

Usiwatoe alfajiri nyasi zikiwa na umande. Viluwiluwi vya minyoo hupanda juu ya jani kwa maji ya umande na kungoja kuliwa. Ngoja jua likaushe nyasi. Wapumzishe kivulini adhuhuri, na uwarudishe malishoni jua likipungua makali.

Wakati wa joto kondoo mkubwa anahitaji lita tatu hadi tano za maji kwa siku, na anayenyonyesha zaidi. Kwenye mto mamba huwa anangoja. Ni afadhali kuteka maji na kuyamimina katika hori mbali na ukingo, kuliko kupoteza jike mwenye mimba kwa sababu ya uvivu wa kubeba ndoo.

Juu ya mathenge: mti huu uliletwa kupandwa Bura mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sasa kila mtu anaujua kwa ubaya wake. Maganda yake ni matamu na yana lishe, lakini mnyama akila hayo tu siku nyingi, meno na taya huharibika. Tena mbegu hutoka nzima katika mavi na kuota kwingine. Mkitaka kuyatumia kiangazi, yakaushe, yasage pamoja na mbegu zake, na uchanganye kidogo na nyasi kavu.

KUPANDISHA NA KUZAA

Dume akiachwa na majike mwaka mzima, wana-kondoo watazaliwa ovyo, wengine katikati ya mafuriko. Panga hesabu yako. Majike wakipandwa Januari, baada ya mvua za vuli, watakuwa wamenona, nao watazaa Juni. Wakati huo mvua kubwa imepita, maji yanashuka, na nyasi bado ni mbichi, hivyo mama atakuwa na maziwa.

Miezi mingine mzuie dume. Njia ya zamani ya wafugaji inafaa bado: mfunge kipande cha ngozi au gunia chini ya tumbo, kining'inie mbele ya uume. Anakula na wenzake lakini hawezi kupanda. Jike mdogo asipandwe kabla ya kutimiza mwaka mmoja na kuwa na mwili.

Mwana akizaliwa, paka kitovu aidini, na uhakikishe amenyonya dang'a kabla ya saa sita kupita. Dang'a ndiyo chanjo yake ya kwanza, na asiyeipata hufa kwa ugonjwa mdogo tu. Mwachishe kunyonya akiwa na miezi mitatu au minne. Madume ambao si wa mbegu wahasiwe mapema. Kila baada ya miaka miwili badilishaneni dume na kikundi kingine, ili asiwapande binti zake.

MINYOO NA MAGONJWA

Adui wa kwanza wa anayeanza ni mnyoo wa tumbo anayenyonya damu. Hana kelele. Njia ya kumgundua haina gharama: fungua kope la chini la kondoo utazame rangi ya ndani. Nyekundu ni salama. Waridi iliyopauka ni onyo. Nyeupe ni hatari, mpe dawa leo. Uvimbe laini chini ya taya pia ni dalili. Tazameni kope za wote kila wiki mbili wakati wa mvua.

Msiwape dawa ya minyoo wote kila mwezi kwa mazoea. Minyoo huzoea dawa, na ikishazoea mmebaki mikono mitupu. Mpe anayehitaji, kwa kipimo kamili cha uzito wake. Dozi nusu ya kuokoa pesa ni hasara. Dawa ya albendazoli asipewe jike mwenye mimba changa. Na palipo na konokono wengi kando ya mabwawa, mwulize daktari wa mifugo juu ya dawa ya minyoo bapa ya ini.

Magonjwa mengine ya kuangalia ni haya:
- Sotoka ya mbuzi na kondoo: homa, kamasi, vidonda mdomoni, kuharisha. Ilithibitishwa Kenya mwaka 2006 na haina tiba, bali chanjo ipo.
- Homa ya mapafu: kukohoa na kupumua kwa shida, hasa wakati wa baridi na mvua.
- Nagana, inayoletwa na mbung'o wa vichakani kando ya mto: kondoo hukonda na kupungukiwa damu hata kama ana chakula.
- Kimeta: kifo cha ghafla, damu nyeusi ikitoka puani au nyuma. Usimpasue mzoga huo kabisa.

MTO UKIJAA

Hili ndilo somo kubwa la makala hii. Mto Tana unaweza kujaa hapa bila tone moja la mvua kunyesha Garsen, kwa maana maji yanatoka Mlima Kenya na Nyandarua. Ulifurika mwaka 1961, ukafurika wakati wa El Nino ya 1997 na 1998, na tena Novemba 2023 na Aprili na Mei 2024. Basi sikilizeni redio. Mkisikia bwawa la Masinga limejaa na linamwaga, au watu wa Garissa wanahama ukingoni, bado mna siku kadhaa kabla ya maji hayo kufika kwetu. Hameni siku hizo, si siku maji yameingia zizini. Kondoo hatembei mbali katika matope, na mwana wa wiki moja hawezi kabisa.

Baada ya maji huja mbu, na pamoja na mbu inaweza kuja Homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huu uligunduliwa kwa kondoo karibu na Ziwa Naivasha mwaka 1931. Mayai ya mbu wanaouleta hukaa udongoni miaka mingi yakingoja mafuriko. Ulizuka katika mkoa wa zamani wa Kaskazini Mashariki na jirani zake mwaka 1997 na 1998, na tena mwisho wa 2006 hadi 2007, ambapo Tana River nayo iliguswa na soko la mifugo la Garissa lilifungwa. Watu walikufa, si mifugo tu.

Dalili yake kubwa ni hii: majike wengi hutupa mimba kwa wakati mmoja, na wana wachanga hufa katika siku moja au mbili. Ukiona hivyo:

1. Usishike mimba iliyotupwa, damu wala mzoga kwa mikono mitupu.
2. Usimchinje mgonjwa ati nyama isipotee. Wengi waliougua walipata ugonjwa hapo.
3. Chemsha maziwa, na upike nyama mpaka iive kabisa.
4. Lala ndani ya chandarua.
5. Mpashe habari daktari wa mifugo na chifu siku hiyo hiyo. Mtu mwenye homa kali aende hospitali na aseme kwamba anafuga.

Chanjo ipo, lakini inafaa kabla ya mbu kuzagaa. Aina nyingine ya chanjo hiyo huweza kumfanya jike atupe mimba, kwa hiyo mwambie daktari ni majike gani wana mimba.

KUGAWANA NA KUUZA

Hapa vikundi vingi huvunjika, kwa hiyo tupige hesabu pamoja. Majike sita, wana watano wanazaliwa, mmoja anakufa, wanabaki wanne: tuseme majike wawili na madume wawili. Mwaka wa pili ni vivyo hivyo, kwa sababu mabinti wa mwaka wa kwanza bado hawajazaa. Mwisho wa miaka miwili mna majike kumi, au tisa kama mmoja mzee amekufa, na mmeuza madume wachache. Faida ipo, lakini haiwezi kugawiwa watu ishirini mwaka wa kwanza. Atakayewaahidi pesa za haraka, mwogopeni.

Njia inayofaa ni kuzungusha. Mwanachama anapewa majike wawili; akishapata mabinti wawili, anawapitisha kwa mwanachama anayefuata, na wale wa kwanza wanakuwa wake. Msiuze jike mzuri miaka miwili ya kwanza.

Je, kondoo akifia kwa mwanachama? Vikundi vingine hudai aonyeshe ngozi kuwa ushahidi kwamba hakumuuza. Desturi hii ni ya hatari. Inamlazimisha mama wa watu kumchuna mnyama aliyekufa kwa kimeta au Homa ya Bonde la Ufa. Badala yake, aite wajumbe wawili wauone mzoga siku hiyo, waandike katika daftari, kisha uzikwe shimo refu. Kondoo aliyeibwa atapatikana mwingine. Mwanachama aliyekufa hapatikani.

Wakati wa kuuza, fikirini sikukuu. Kabla ya Idi ya kuchinja bei hupanda. Lakini mnunuzi wa Idi anataka mnyama asiye na kasoro: asichecheme, asiwe chongo, asiwe amekatwa sikio. Kwa hiyo msiweke alama kwa kukata masikio. Tumieni rangi au herini ndogo. Idi huja mapema kwa siku kama 11 kila mwaka, basi tazameni kalenda mnapochagua madume wa kunenepesha. Krismasi pia ina wanunuzi wake.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Mto ukijaa wiki ijayo, kondoo wetu watahamia wapi, na nani atawapeleka?
2. Ni nani katika jirani zetu tunapaswa kuongea naye juu ya malisho kabla ya kununua?
3. Je, tuna sheria inayomlazimisha mtu kumchuna mnyama asiyejulikana alikufa kwa nini? Tuibadilishe vipi?
4. Nani atashika daftari, na nani atalikagua?

Mkiweza kujibu manne haya bila kugombana, nendeni sokoni.